Anza riwaya siku mazoea yanapovunjika

Miswada mingi ya waandishi wapya hufunguka kwa jua kuchomoza, mhusika kuamka, kisha kurasa mbili za ukoo wake. Msomaji bado hana sababu ya kumjali mtu huyo, ndiyo maana ukoo wake haumshiki. Anzia siku ambayo mazoea yanavunjika.

Tuseme mhusika wako ni Zuhura, fundi cherehani wa Tanga. Ukifungua kwa "Zuhura alikuwa fundi hodari aliyependwa na majirani," hakuna cha kumvuta mtu afunue ukurasa. Jaribu hivi: "Zuhura alipofumua bitana ya koti la Mzee Salim, ilidondoka hati ya nyumba yenye jina la marehemu baba yake." Kazi yake tumeiona, na swali limezaliwa: hati imefikaje humo? Kabla sura ya kwanza haijaisha, afanye uamuzi usiorudi nyuma. Koti anamrudishia mwenyewe, hati anaificha. Habari za baba zisubiri sura ya tatu au ya nne. Kisengerenyuma, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, hunoga pale msomaji anapokuwa ameshaanza kuuliza.

Kwa upande wa msuko, yaani jinsi matukio yanavyofungamana, andika kwanza sentensi moja tu: Zuhura anataka nini, nani anamzuia, akishindwa atapoteza nini. Anataka nyumba, anayemzuia ni Salim, ambaye ndiye aliyempangisha chumba cha kushonea, akishindwa, riziki imekwenda. Kizuizi kikiwa "maisha magumu" peke yake, hadithi itakwama, maana maisha magumu hayapangi hila. Salim anapanga. Mpe akili na sababu zake, hata msomaji amwelewe.

Riwaya ya maneno 60,000 yaweza kuwa na sura 30 za maneno kama 2,000. Weka mageuzi makubwa karibu na maneno ya 15,000, 30,000 na 45,000. La katikati lihangaikie zaidi, kwa kuwa hapo ndipo miswada mingi hufia. Tukio jipya tu halitoshi; libadilishe maana ya yote yaliyotangulia. Kwa mfano, Zuhura agundue kwamba baba yake aliiuza nyumba ile kwa hiari, akawaficha wanawe.

Kila tukio liandike kwenye kipande cha manila, vitandaze vyote sakafuni, kisha visome ukiviunganisha kwa "kwa hiyo" au "lakini". Panapokubali "halafu" tu, tukio hilo halijasababishwa na lililotangulia: likate, au litafutie chanzo. Sadfa nayo ina mpaka. Hati kudondoka kwenye koti ni sadfa inayomtia Zuhura matatani, na msomaji ataipokea. Sadfa ya kumtoa matatani kwenye kilele hataisamehe.

Ukifika sura ya 12 ukaona Zuhura hawezi tena kutenda ulichompangia, simama. Panga upya vipande vilivyobaki kabla ya kugusa sura ya 13.