Kufundisha kitanzi bila kuhutubia

Mwalimu wa Kisauni, umeuliza utawafundishaje watoto 40 kitanzi (loop, yaani amri ya kompyuta inayorudiwarudiwa) bila wewe kusema kipindi kizima. Wagawe wannewanne: msimamizi, karani, msemaji, na mmoja wa kuangalia kundi linavyokwenda. Wape msimbo wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) kwenye karatasi (stima zikipotea, kazi haisimami):

for i in range(1, 5): print(i)

Itachapisha nini? Wengi watakwambia 1 hadi 5. Ndipo wauendeshe kwenye kompyuta, waone umekomea 4, wabishane, kisha waandike kanuni kwa maneno yao. Wewe zunguka tu, ukiulizwa rudisha swali. Hapo ndipo pagumu kwetu walimu! Njia hii, POGIL (Process Oriented Guided Inquiry Learning, yaani kujifunza kwa kuchunguza kwa mwongozo), ilianzia Marekani kwenye kemia miaka ya 1990. Vipindi vya mwanzo majukumu yatawachanganya, vumilia.