Programu ipi ya muziki inakufaa? Majibu kwa wasomaji wanane

Maswali mengi ninayoletewa kuhusu programu za kutengenezea muziki huanza na jina: FL au Ableton, Logic au Cubase. Mimi huanzia kwingine. Wimbo ukikujia kichwani, mkono wako unakwenda wapi kwanza: kwenye ngoma, kwenye kinanda au kwenye maiki? Nimejibu maswali haya nikiwa na hilo akilini.

Kaka, natengeneza biti za singeli na bongo fleva hapa Temeke. Washkaji nusu wanasema FL Studio, nusu Ableton Live. Nimsikilize nani?

Inategemea biti yako inaishia wapi. FL Studio ilianza Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na ilijengwa kuanzia kwenye ngoma. Ukiifungua tu unakutana na safu za vitufe, 16 kwa kila baa. Unabonyeza pale unapotaka kiki (ngoma nzito) igonge, unabonyeza pa snea (ngoma kali), na lupu (kipande kinachojirudia) inazunguka kabla wazo halijapoa. Singeli mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, na lupu fupi ndiyo mwili wa wimbo, kwa hiyo mpangilio huo unakwenda na mkono vizuri sana. Halafu kuna faida ambayo watu hawaihesabu: maprodyuza wengi wa mtaani wanaijua. Ukikwama saa sita usiku, yupo wa kumpigia. Na ukishainunua, masasisho ni bure siku zote.

Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, nayo ina ukurasa wa vipande vilivyopangwa kwenye nguzo. Unaviwasha na kuvizima muziki ukiendelea, na kila kipande kinasubiri baa mpya ndipo kiingie. Kama unapanda jukwaani na MC, na unataka kurefusha biti kwa sababu watu wamechemka, hiyo ndiyo programu yako. Kama kazi yako inaisha pale unapomkabidhi msanii faili, ningekuwa wewe ningebaki FL.

Tahadhari mbili. FL ya majaribio haina kikomo cha siku, lakini wimbo uliouhifadhi hautafunguka tena mpaka ulipie. Kwa hiyo kabla ya kufunga, toa kila sauti kama faili lake la WAV (faili la sauti linalofunguka kwenye programu yoyote). Na kama utaingiza sauti za waimbaji, nunua toleo la Producer au la juu yake.

Bwana asifiwe mtumishi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, Dodoma. Tuna maiki nane na laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Mafundi wanatuambia haiwezi kurekodi. Ni kweli?

Amina, mwalimu. Kurekodi inaweza, na nakuomba usiwaache wanakwaya wasubiri mpaka mpate fedha za mashine mpya. Tufanye hesabu. Maiki moja, kwa ubora wa biti 24 na kHz 48 (hivi ni vipimo vya ubora wa sauti ya kidijitali, biti hii si ile ya ngoma), inakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Maiki nane kwa wimbo wa dakika sita ni kama MB 415. Kwa sekunde moja hiyo haifiki hata MB moja na nusu, na diski ya zamani inaimudu bila shida. Kinachoichosha kompyuta ni vinanda vya ndani ya programu na plagini (viongezo vya kubadili sauti) nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na nyinyi vinanda hivyo hamvihitaji.

Chukua Reaper. Faili la kuisakinisha kwenye Windows halifiki MB 20, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya bei nafuu ni dola 60. Inawafaa wale ambao kitu cha kwanza kwao ni maiki: unafungua njia nane, yaani mstari mmoja wa kurekodia kwa kila maiki, unabonyeza kurekodi, basi. Wala msilazimishwe kufuata metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo. Kwaya inayovuta pumzi pamoja ina mwendo wake, na programu itawafuata. Mnachohitaji kununua kwanza ni intafesi (kifaa cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta) yenye matundu nane ya maiki, maana ya matundu mawili itawalazimu kuchanganya maiki zote kabla ya kurekodi, na sauti ya tatu ikizidi hamtaweza kuipunguza peke yake.

Rekodini laptopu ikiwa na chaji kamili. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mtaendelea, ila hakikisheni intafesi nayo inapata umeme kupitia USB au betri.

Nikiimba, sauti yangu narudishiwa kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Nibadilishe programu? (Mwanza)

Usibadilishe. Ukihamia programu nyingine tatizo litahamia nawe. Kompyuta haichukui sauti tone kwa tone. Inakusanya fungu, inalishughulikia, kisha inalitoa. Fungu la sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1024 kwa kHz 44.1 ni milisekunde 23, nawe unacheleweshwa wakati sauti inaingia na tena wakati inatoka. Sikio la mwimbaji linasikia hilo mara moja. Shusha mpaka 128, ambayo ni kama milisekunde tatu, urekodi, kisha ukifika kumiksi urudishe juu ili mashine ipumue. Kwenye Windows chagua dereva (programu ya kuunganisha kifaa na kompyuta) ya ASIO iliyokuja na intafesi yako, usitumie ile ya kawaida ya Windows. Na intafesi nyingi zina kitufe cha kukusikilizisha maiki moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Ukikiwasha hicho, zima sauti ya njia hiyo ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili.

Niuze PC yangu ninunue Mac kwa sababu ya Logic? (Nairobi)

Hapana. Logic ni nzuri na bei yake ni ya haki kwa vinanda ilivyonavyo, lakini ni ya Apple tangu mwaka 2002, walipoinunua kampuni ya Emagic ya Ujerumani na kuachana na toleo la Windows. Tofauti ya bei ya mashine hizo mbili inakununulia maiki, intafesi na spika. Vitu hivyo msikilizaji atavisikia. Jina la programu hatalisikia.

Assalaam aleikum. Nipo Unguja, tunapiga taarab asilia. Kinanda chetu nimekipanga kwa rasti (maqamu, yaani mpangilio wa noti, ya Kiarabu) na kinasikika barabara, lakini nikirekodi kwenye kompyuta sauti zinakuwa za kizungu. Programu gani inaijua taarab?

Waaleikum salaam. Swali hili nimelifurahia, maana wengi wamekata tamaa hapo na kuanza kupiga nyimbo za zamani kwa sauti zisizo zake.

Kilichotokea ni hiki. Umerekodi MIDI. MIDI inaiambia kompyuta kwamba umebonyeza mi, na kwa nguvu gani. Haisemi kwamba kinanda chako kimeishusha hiyo mi kwa robo toni. Kompyuta inachukua mi yake yenyewe, ya piano, na rasti inavunjika. Dawa ya haraka ni kuchomeka waya kutoka tundu la sauti la kinanda mpaka kwenye intafesi na kurekodi sauti yenyewe. Hapo programu yoyote itakufaa, kwa sababu inapokea kile unachokisikia. Udi, fidla na kanuni mnazipiga kwa mkono mbele ya maiki, kwa hiyo hazina tatizo hili hata kidogo.

Kama unataka vinanda vya ndani ya kompyuta, Logic inakuruhusu kupanga kila noti kwa senti zake (senti 100 ni hatua moja ya kinanda), na Ableton Live tangu toleo la 12 la mwaka 2024 ina mifumo ya sauti unayoichagua. Kwa rasti ya kuanzia do, shusha mi na si kwa senti 50 kila moja. Kisha sikiliza pamoja na mpiga kanuni na urekebishe kwa sikio lake, kwani mafundi hawaiweki robo mahali pamoja kila maqamu.

Na tafadhali, usipitishe sauti ya mwimbaji kwenye plagini ya kunyoosha noti ikiwa imepangwa kwa noti 12 za kawaida. Itaikamata ile mi ya robo na kuisukuma juu au chini, na utakuwa umefuta kile kilichomfanya mtu aje kusikiliza.

Nina simu tu. (Morogoro)

Anza leo. BandLab ni bure kwenye Android na iPhone. Mwenye iPhone anapata pia GarageBand bila malipo. Tumia hedifoni za waya, kwa kuwa za bluetooth huchelewesha sauti na utaimba nje ya biti.

Kuna jamaa anauza flashi yenye programu zote, kreki, kwa bei ya soda mbili. Kuna ubaya gani? (Arusha)

Aliyevunja kufuli la programu ndiye pia aliyekuwekea unachokisakinisha, na kwa kawaida atakwambia uzime antivairasi kwanza. Kwenye mashine hiyohiyo una nyimbo za wateja wako. Siku moja programu itagoma kufunguka, na hakuna wa kumuuliza. Zipo njia za halali zisizogharimu kitu: Waveform Free haina kikomo cha njia za sauti, LMMS inatengeneza biti, na intafesi nyingi mpya huja na Ableton Live Lite ndani ya boksi. Itumie hiyo mpaka ikubane kweli, ndipo ununue.

Mimi niko Mombasa natumia FL, binamu yangu yuko Muscat anatumia Cubase. Tunataka kufanya albamu pamoja. Nani amfuate mwenzake?

Kila mtu abaki na programu yake. Faili la wimbo la FL halifunguki Cubase, ila WAV inafunguka kote. Toa kila chombo kwenye faili lake, na mafaili yote yaanzie baa ya kwanza hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu. Hivyo akiyapanga mwanzoni kila kitu kitakaa mahali pake. Tumieni biti 24 na kHz ileile nyote wawili. Kwenye jina la faili andika mwendo na ufunguo wa wimbo. Mtumie sauti ya mwimbaji kavu, na nyingine yenye mwangwi wako ili ajue ulichokusudia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili ubora usishuke.