Kumpenda Mungu kuliko mali: filamu nne za mwaka huu, na neno kwako mwenye kiwanja Kisesa

Mleta mada, shalom. Umeuliza mambo mawili: kama mtu anaweza kweli kumpenda Mungu kuliko mali au ni maneno ya mimbarini tu, na ni filamu zipi za kiimani tulizozipenda mwaka huu ili utazame na familia sikukuu hizi. Katikati umegusia kwamba unataka kuuza kiwanja chako cha Kisesa na hela yote uitoe sadaka. Nitayajibu yote kwa pamoja, maana mwaka huu kwangu yamekuja pamoja.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na ni Msabato. Anayeijua biashara hii ameshaona tatizo liko wapi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mwezi una siku zake za hela na siku zake za kukaa. Giza likiingia, mzigo unashuka kutoka visiwani, wateja wanafika wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, na bei ya asubuhi siyo ya jioni. Kufunga kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, katikati ya giza, ni kuiacha hela ipite huku unaitazama.

Ijumaa moja mwaka huu alinijia mteja wa Kongo, mtu mstaarabu, salamu kwanza biashara baadaye. Alitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa dagaa wa chini kabisa, akavunja mmoja, akanusa. Akaridhika. Alitaka mzigo wote. Jua lilikuwa limebaki kiganja kimoja juu ya maji, na magunia mengine yalikuwa bado hayajashonwa. Nikamwambia nitampimia mpaka jua lizame, yanayobaki tumalize Jumamosi usiku. Akasema, "Mama, gari yangu inaondoka kesho asubuhi. Nikichukua nusu hapa na nusu pengine nitachelewa." Nikamjibu kwamba namwelewa, ila siku ya Bwana wangu siwezi kuisogeza. Akashukuru, akaenda meza ya mbele. Nikafunika mzigo kwa turubai, nikaenda nyumbani kupokea Sabato.

Shuhuda nyingi tunazosikia kanisani zinaishia kwa mteja kurudi Jumapili na kununua mara mbili. Wangu hakurudi. Ikaja mvua, dagaa wakapata unyevu, rangi ikapotea, nikauza kwa bei ya chakula cha kuku. Ada ya mtoto wa pili ikachelewa. Na aliyekwenda kusimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu kuomba muda hakuwa mimi. Alikuwa mume wangu, ambaye anasali kanisa la AIC, wanaoabudu Jumapili, na Jumamosi kwake ni siku ya kazi kama nyingine.

Sijutii kufunga, na giza lijalo nitafunga tena. Lakini tangu siku ile swali lako nalisikia tofauti na wengi waliotangulia kujibu hapa. Wengi wamejibu kana kwamba mali ni ya mtu mmoja na moyo ni wa mtu mmoja, basi achague. Mali ya nyumbani ina wenyewe wengi. Ukimtanguliza Mungu mbele yake, unaitoa pamoja na sehemu ya mwenzako na ya watoto. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kumpenda Mungu kuliko mali, nimewaona watu wanaofanya hivyo. Ninachouliza mimi ni nani analipa, na kama aliulizwa.

Nikaanza kulitafuta swali hilo kwenye filamu. Tunatazama Jumamosi usiku, Sabato ikishatoka. Binti yangu mkubwa ndiye anayetuwekea kwenye flashi, na kwa kuwa hizi hazijatiwa sauti na madijei wetu, anasimamisha kila mara na kutueleza. Najua wapo ndugu kanisani kwetu wasiotaka kabisa kusikia habari ya filamu. Nawaheshimu, ila hizi zimenisaidia kuongea na watu wangu mambo ambayo tusingeyaongea.

Ya kwanza ni Chariots of Fire, ya mwaka 1981, iliyopata Oscar ya filamu bora. Inamhusu Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti aliyekataa kukimbia mchujo wa mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu uliangukia Jumapili. Kwake Jumapili, kwetu Jumamosi, lakini jambo ni lile lile. Alikimbia mita 400 badala yake, akapata dhahabu kwa sekunde 47.6. Filamu inaonyesha kwamba ratiba aliisikia akiwa anapanda meli kwenda Ufaransa. Ukweli ni kwamba aliijua miezi kadhaa kabla, akaitumia miezi hiyo kujifua kwa mita 400. Mimi naupenda zaidi ukweli huo. Hakungoja siku ya mashindano ndipo aamue, na alipoamua alikaa akajipanga namna ya kuubeba uamuzi wake.

Yaliyofuata filamu inayagusa kwa maandishi mafupi tu mwishoni. Mwaka 1925 aliacha umaarufu wote akarudi China, alikozaliwa, kuwa mmisionari. Vita ilipokaribia, mwaka 1941, alimpeleka mkewe Florence, mjamzito, pamoja na binti zao wawili Kanada, yeye akabaki. Alifia kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani huko Weihsien mwezi Februari 1945. Binti wa tatu hakumwona kamwe. Medali ya dhahabu kila mtu anaikumbuka. Mimi namkumbuka Florence, aliyelea watoto watatu nchi ya mbali na mume.

Ya pili, A Hidden Life ya Terrence Malick, mwaka 2019. Ni ndefu, karibu saa tatu, na inakwenda polepole. Mume wangu alisinzia mwanzoni, kisha akaamka na hakulala tena. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima Mkatoliki wa kijiji cha St. Radegund, Austria. Alikataa kuapa kiapo cha utii kwa Hitler, akauawa tarehe 9 Agosti 1943. Kanisa lake lilimtangaza mwenye heri, yaani hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu, mwaka 2007. Lakini kamera inarudi kila mara shambani kwa mkewe, Fani. Kijiji kinamtenga. Majirani waliokuwa wakisaidiana mavuno hawamsalimii. Analima na dada yake, mikono imejaa udongo, watoto watatu wa kike wanacheza pembeni bila kujua. Binti yangu alisimamisha hapo akauliza, "Mama, kwa nini asiweke tu sahihi arudi nyumbani?" Hakuna aliyejibu haraka. Baba yake ndiye aliyesema mwisho kwamba Franz angeweka sahihi, kisha asingekuwa yule mtu ambaye Fani alimngojea.

Jibu hilo lilinigusa kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyelipia Sabato yangu. Fani halisi alinyimwa mafao ya ujane kwa miaka hata baada ya vita kwisha, akaishi mpaka mwaka 2013 akiwa na miaka 100. Alitamani mumewe apone, na alipoona haiwezekani alisimama naye. Hakushtukizwa. Walikuwa wakiandikiana barua mpaka mwisho.

Of Gods and Men ya Xavier Beauvois, mwaka 2010, ndiyo iliyonipa jibu kamili. Ni habari ya watawa wa Tibhirine, Algeria, walioishi kati ya wanakijiji Waislamu, wakitibu wagonjwa na kulima bustani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe inapopamba moto wanatakiwa waondoke au wakubali ulinzi wa jeshi. Mkuu wao, Christian, anaukataa ulinzi papo hapo mbele ya ofisa, bila kuwauliza wenzake. Mnajua kinachofuata? Wenzake wanamkemea. Wanamwambia hawakumchagua awaamulie peke yake. Kisha wanakaa kuzunguka meza, mmoja baada ya mwingine anasema. Mmoja anataka kuondoka, mwingine anasema hakuja pale ili afe. Wanaachiana muda, wanalima, wanaimba zaburi, wanakaa tena. Mwisho wanabaki wote, na kila mmoja amebaki kwa kinywa chake. Saba kati yao walitekwa mwezi Machi 1996 na kuuawa.

Kwetu Kanda ya Ziwa habari hii haiko mbali. Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, lilianzishwa Algiers mwaka 1868, na mapadre wake ndio waliofungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wetu, miaka ya 1880. Wanne wa shirika hilo waliuawa Tizi Ouzou, Algeria, mwezi Desemba 1994, na walitangazwa wenye heri pamoja na watawa wale saba, siku moja, huko Oran mwaka 2018. Mimi si Mkatoliki, lakini mapadre wale walivuka bahari wakaiacha mali ya kwao, na nikipita Bukumbi nawakumbuka kwa heshima.

Sasa, mleta mada, kiwanja. Umesema umeguswa na mahubiri ya sadaka ya kujimaliza, ile ya kutoa vyote ulivyo navyo. Nimesoma maelezo yako yote na nimerudia. Umetaja watoto, umetaja mahubiri, umetaja bei ambayo dalali amekuahidi. Mke wako hujamtaja hata mara moja.

Soma Marko 7. Yesu anawakemea watu waliokuwa wakisema mali ambayo ingewafaa wazazi wao ni Korbani, yaani wakfu, kisha wazazi wanabaki bila msaada. Sadaka ilikuwa ya kweli, madhabahu ilikuwa ya kweli, na bado aliikataa, kwa sababu walikuwa wakitoa riziki ya mtu mwingine. Halafu tazama aliowasifu. Yule mjane wa senti mbili, senti zilikuwa zake. Yule mwanamke wa Bethania, marhamu ilikuwa yake. Zakayo alitoa nusu, na akaweka ahadi ya kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hata yule kijana tajiri aliambiwa auze alivyo navyo yeye.

Ndiyo maana filamu ya nne, Babette's Feast ya Gabriel Axel, mwaka 1987, haipingani na haya ninayosema, ingawa inaonekana hivyo. Babette ni mkimbizi wa Ufaransa anayepikia dada wawili wazee, mabinti wa mchungaji, kwenye kijiji cha pwani Denmark. Mume na mtoto wake waliuawa Paris mwaka 1871. Baada ya miaka mingi anashinda bahati nasibu, faranga 10,000. Wote wanadhani ataondoka. Yeye anaagiza kasa, kware na divai kutoka Ufaransa, anapika karamu moja ya watu 12, hela inaisha yote. Waumini wale wazee, waliokuwa wamegombana miaka na miaka, wanakula, nyuso zinalainika, wanaombana msamaha mezani. Babette angeweza kujimaliza. Hakukuwa na mtoto aliyelala njaa kwa karamu ile, wala mume aliyetumwa kwa mwalimu mkuu. Alitoa kilicho chake kwa furaha, na hakudai asifiwe.

Kwa upande wetu tulikaa, mimi na mume wangu, tukapanga. Giza linapoanza tu, ada inatengwa kabla ya mtaji mpya. Ijumaa naacha kupokea mzigo saa sita mchana ili jioni isinikute na magunia yaliyo wazi. Faida imepungua na yeye anaijua hesabu hiyo, tumeifanya pamoja kwenye daftari. Jumamosi akiwa hana kazi ananisindikiza mpaka mlangoni kanisani. Mtaani kwetu yuko mama aliyetoa mtaji wake wote kwenye mahubiri bila mumewe kujua. Ndoa ile mpaka leo haijatulia. Sisemi Mungu hakuipokea sadaka yake. Nasema mumewe alisikia kwa watu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja kitupu si nyumba, lakini kama mlikinunua mkipanga kujenga, unajua mwenyewe moyoni ni cha nani.

Kwa sikukuu anza na Babette, watoto wataipenda kwa sababu ya chakula. Chariots of Fire ifuate. Of Gods and Men na A Hidden Life ziacheni mpaka watoto wadogo walale, kisha tazama na mama yao, mpaka pale watawa wanapokaa mezani. Simamisha hapo, mwambie habari ya kiwanja. Usitangulize kwamba umeshaamua. Akikubali, uzeni mtoe kwa mikono miwili. Akikataa, msikilize sababu zake, kisha rudi hapa utuambie mmefikia wapi.