Ragia saa tano mchana? Badilisheni saa kwanza

Saa tano? Yaani watu kumi na wawili wa chama, wengi hawajawahi kukanyaga msitu wa Aberdare, mtoke Nairobi saa tatu, muanze kufuata mto kuelekea maporomoko ya Ragia saa tano, halafu unauliza chapati ngapi kwa kila mtu? Chapati zisubiri.

Nimeona umeweka na lile bango la WhatsApp: "Kilomita 10, rahisi, hata shosho anaweza." Aliyenitumia bango la aina hiyo alikula pesa yangu, na simu yangu ikabaki mtoni, kwa hivyo nivumilie nikipaza sauti. Shosho wa Njabini, pale kando ya msitu, anaweza kweli. Ila yeye saa saba ashafika nyumbani na kuni zake.

Njia yenyewe haina mlima wa kutisha. Hesabu ndiyo hudanganya watu. Kilomita 10 za msitu wa Karura, hapo Nairobi, ni saa mbili na nusu huku mkipiga stori. Kando ya mto, kwenye tope na mianzi iliyoanguka, kundi la wageni huenda kilomita mbili kwa saa. Tena njia inaukata mto huku na huku. Mpe kila mtu dakika moja na nusu ya kuvuka: kumi na wawili ni dakika 18. Mkivuka mara sita tu, kwenda na kurudi, karibu saa mbili zimekwisha mkisubiriana. Jumla masaa saba, bila hata kukaa kula. Mkianza saa tano mnatoka saa kumi na mbili jioni, na chini ya mianzi giza huwahi.

Giza lina tochi. Mto uliojaa hauna dawa. Huko juu mawingu hukusanyika kuanzia adhuhuri na mvua hupiga alasiri. Nyinyi mtakuwa bondeni, jua linawaka, mnapiga picha, na maji ya mvua ambayo hamkuiona yanashuka. Pale mlipovuka asubuhi kwa kuruka mawe, saa tisa mawe hayaonekani, na gari liko ng'ambo.

Kwa hivyo sheria ni moja: SAA SABA MNAGEUKA. Hata maporomoko yakisikika pale mbele.

Mkifika pa kuvukia mara ya kwanza, chomeka kijiti ukingoni, usawa wa maji. Mkikuta kimezama, au maji yamegeuka rangi ya chai, au majani na vijiti vinaelea, au unasikia mawe yakigongana chini, msijaribu. Pandeni mahali pa juu msubiri. Mito midogo ya mlimani hushuka baada ya saa kadhaa mvua ikikatika. Maji ya kasi yakipita goti, hakuna mwanaume wala mwanamke shupavu. Mkivuka, tafuteni mahali papana penye maji machache, kamwe si juu ya maporomoko. Uso uelekee maji yanakotoka, fimbo mkononi, viatu mguuni, mkanda wa begi wa kiunoni umefunguliwa ili ukianguka ulitupe. Usijifunge kamba mwilini. Ukianguka, kamba hukushikilia chini ya maji.

Gambuti ni nzuri kwa tope, lakini maji yakipita ukingo wake kila mguu unageuka ndoo. Jinzi acheni nyumbani. Zikilowa hazikauki na baridi ya huko si ya Nairobi. Simu na nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo.

Ada ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) lipeni, na muombe askari wa msitu awasindikize, kwa sababu ndovu na nyati wa Aberdare hawasomi mabango. Yule kiongozi wa safari aliyejiandika "gaidi" badala ya "guide" kwenye bango akikwambia askari hahitajiki, jina limemfaa.

Uliuliza pia kuhusu matatu au gari la kukodi. Kodisheni, kwa sababu matatu haitawangoja alfajiri pale Flyover, njia panda ya kwenda Njabini. Muwe mmeshaanza kutembea saa mbili. Tafuta dereva leo umpe saa hiyo mpya.