Kabla Hujanunua Bastola ya Kaliba Kubwa

Watu wengi wanaokuja kujifunza bastola kwa ajili ya kujilinda huja na jibu lao tayari: wanataka kitu kikubwa. Huyu .45, yule .44 Magnum, na hakosekani wa kuulizia .50. Namba hizo ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, takriban, na "Magnum" ni risasi iliyoongezewa nguvu. Hoja ni ileile, kwamba risasi kubwa humwangusha mtu papo hapo, ya pili haitahitajika. Mimi nafundisha kulenga shabaha, bastola hizo nimezipiga, na nyingine nazipenda kwelikweli. Lakini anayeniuliza anunue ipi ya kulinda nyumba yake, namwambia achukue ya milimita 9. Wengi hununa.

Tuanze na hilo la kumwangusha mtu. Risasi ya bastola haimrushi mtu. Msukumo anaoupata aliyepigwa hauzidi ule ulioupata wewe mkononi ulipofyatua. Kama ungetosha kumbwaga mtu mzima, na wewe ungekuwa chali. Zile za kwenye sinema, jambazi anapaa na kupasua dirisha kwa mgongo, ni kamba za watengenezaji filamu.

Kinachomsimamisha mtu kwa lazima ni ama ubongo na uti wa mgongo kupigwa, ama damu kumwishia. Damu huchukua muda. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Mtu mwenye kisu aliye hatua chache kutoka kwako anaweza kufanya mengi ndani ya sekunde hizo. Kwa hiyo mimi sijiulizi risasi ya kwanza ina nguvu kiasi gani. Najiuliza ya pili na ya tatu zitatua wapi, na baada ya muda gani.

Hesabu zenyewe hazitishi kama majina ya bastola yanavyotisha. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Nishati yake ni kama jouli 500. Cha .45 kina karibu gramu 15 lakini huenda polepole, mita 260 hivi, na nishati inatoka ileile, jouli 500. Upana wao unatofautiana kwa milimita mbili na nusu tu. .44 Magnum ndiyo iliyojitenga: gramu 15 na ushee, zaidi ya mita 400 kwa sekunde, jouli zaidi ya 1,200. Hata hivyo, kasi hiyo bado ni ndogo ukilinganisha na ya bunduki ndefu, ambazo zikivuka mita 600 hivi kwa sekunde huchana nyama hata mbali na njia ya risasi. Bastola huharibu kile ilichokigusa. Ikikikosa, ukubwa wake haukusaidii.

FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliizunguka njia hii yote kwa gharama kubwa. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maafisa wake walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi alikuwa ameshapigwa risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kukomea kabla ya kufika moyoni, akaendelea kupigana. Lawama ikaiangukia risasi, na FBI wakahamia milimita 10. Maafisa wengi wakashindwa kuimudu, nguvu yake ikapunguzwa, na kutokana na risasi hiyo iliyopunguzwa ikazaliwa .40 mwaka 1990. Katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye milimita 9. Vichwa vya risasi vilikuwa vimeboreshwa: vile vyenye tundu kwenye ncha sasa hutanuka na bado huzama sentimita 30 hadi 45 zinazotakiwa kwenye jeli ya majaribio inayoiga nyama. Na maafisa wao walikuwa wanapiga haraka zaidi na kupata shabaha zaidi kwa silaha hiyo. Kama watu wanaolipwa kufanya mazoezi waliona hivyo, sembuse wewe unayekwenda uwanjani unapopata nafasi?

Nina zoezi moja lisilodanganya. Nachukua rivolva ya mwanafunzi, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, naipakia mwenyewe bila yeye kuona, na kwenye vyumba viwili vya silinda naweka maganda matupu. Anafyatua, paa linatikisika. Anafyatua tena, bado mambo ni mazuri. Ya tatu inaangukia ganda tupu: nyundo inagonga "ta!", na kila aliyesimama pale anaona mtutu ukiinama, mabega yamepanda, macho yamefumbwa. Hakuna teke lolote la bastola lililotoka, ila mwili ulishajikunja kulisubiri. Kwa mtutu wa sentimita 15, ncha ikishuka nusu sentimita tu, risasi kwenye umbali wa mita 7 inakwenda zaidi ya sentimita 20 chini ya pale ulipolenga. Woga huo unaweza kumpata mtu kwa bastola yoyote, lakini kaliba kubwa huufundisha haraka na kuuondoa ni kazi. Isitoshe, risasi kubwa ni ghali, mkono unauma, basi mtu anapiga kisanduku kimoja, anaifuta bastola na kuifungia.

Halafu kuna mlio. Kelele za ghafla za desibeli 140 zinatosha kuharibu masikio, na bastola karibu zote hupita hapo; .44 Magnum hupita 160. Piga hiyo chumbani, usiku, bila vizibo masikioni. Utabaki husikii kama mwanao anakuita au adui bado anatembea, na mwako wa mdomo wa mtutu utakuwa umekupofusha kwa muda. Risasi yenye nguvu hivyo pia haijui kuta: ukikosa, inavuka ubao wa jasi na kwenda kwa waliolala upande wa pili. Ya milimita 9 nayo hupenya, usidanganyike, ila hiyo kubwa inabaki na nguvu nyingi zaidi baada ya kupenya.

Uzito na idadi ya risasi sina haja ya kuvisemea sana. Desert Eagle ya .50 ina kilo 2 hivi na hubeba risasi 7. Rivolva ya .500 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2003, hubeba 5. Bastola ya kawaida ya milimita 9 hubeba 15 au 17 kwa nusu ya uzito huo.

Bastola kubwa zina kazi zake. .44 Magnum ilisukumwa na wawindaji, Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa silaha wa Marekani, akiwa mbele yao, na kwenye misitu yenye dubu mimi mwenyewe ningeifunga kiunoni. Dubu ana mafuta, misuli na mifupa minene. Pale kupenya ndiko kila kitu. Binadamu hana kina hicho.

Na kama tayari unayo, usikimbilie kuiuza. Rivolva ya .44 Magnum hupokea pia risasi za .44 Special, na ya .357 Magnum hupokea .38 Special. Ni fupi kidogo, tulivu zaidi, na kwa silaha nzito namna ile unaweza kulenga tena mapema. Kinyume chake hakiwezekani. Ndefu haiingii kwenye silinda ya fupi. Ila ukishapiga nyingi za fupi, sugua vyumba vya silinda kwa brashi, kwa sababu huacha pete ya masizi pale ganda linapoishia, na siku ukitaka kuingiza zile ndefu zitakwama.