Je, Nabii Suleiman (a.s.) alipasua mawe kwa mdudu shamiri?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Katika mawaidha tumesikia kuwa Nabii Suleiman (a.s.) alijenga Baytul Maqdis bila nyundo wala patasi, bali kwa mdudu aitwaye shamiri aliyepasua mwamba kwa kuupitia tu. Msemaji alisema kisa hiki kimo kwenye Qur'ani na Taurati. Ni kweli? Nami nafundisha madrasa. Naweza kuwasimulia watoto?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Kwenye Qur'ani hakimo, na kwenye Taurati waliyonayo Mayahudi leo pia hakimo. Ni kisa cha marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi: kimetajwa kwa ufupi katika Mishna, mkusanyiko wa mafundisho yao uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3 Miladia, kisha kikapanuliwa katika Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa kinachoifafanua Mishna hiyo. Kuwasimulia watoto inajuzu kwa masharti, na si kisa chote.

Kwanza ujue kilikotoka. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, 6:7, kinasema mawe ya Hekalu, yaani hiyo Baytul Maqdis, yalitengenezwa machimboni, hata haikusikika humo sauti ya nyundo, shoka wala chombo chochote cha chuma. Kutoka 20:25 nako kunakataza kuchonga mawe ya madhabahu, na Mishna inaeleza sababu: chuma kimeumbwa kufupisha umri wa mwanadamu, madhabahu kuurefusha. Marabi wakajiuliza, basi yalichongwa kwa kitu gani? Rabi Yehuda akasema kwa shamiri. Rabi Nehemia akampinga: Wafalme 7:9 inataja mawe yaliyokatwa kwa misumeno, kwa hiyo yalichongwa nje yakaingizwa yakiwa tayari. Akaja Rabi mwingine, yule aliyeikusanya Mishna, akawapatanisha: shamiri kwa mawe ya Hekalu, misumeno kwa jumba la mfalme mwenyewe. Unaona kwamba hata wenye kisa chao hawakukubaliana.

Kwa Nehemia, kazi ya shamiri ilikuwa kwenye vito vya kuhani mkuu, vilivyoandikwa majina ya makabila 12. Wino peke yake haukutosha, kwa kuwa andiko linataka yachongwe kama muhuri. Chuma nacho hakikufaa, kwa kuwa kingepunguza jiwe, nalo lilitakiwa libaki kamili. Basi jina likaandikwa kwa wino, shamiri akaonyeshwa juu ya mstari, na jiwe likapasuka papo hapo kama tini wakati wa kiangazi, lisipungue hata chembe. Ukubwa wake, wanasema, ni punje ya shayiri. Alihifadhiwa kwa kuviringishwa sufu na kutiwa ndani ya mrija wa risasi uliojaa pumba za shayiri.

Kwamba ni mdudu, Mishna yenyewe haisemi. Inamtaja tu miongoni mwa vitu kumi vilivyoumbwa magharibi ya Ijumaa ya kwanza, pamoja na mana na fimbo ya Musa. Wafafanuzi wa Kiyahudi wa baadaye kama Rashi na Maimonides ndio waliosema ni kiumbe hai. Katika Yeremia 17:1 neno hilo hilo ni ncha ngumu ya kalamu ya kuchongea. Baadhi ya vitabu vyetu vya visa vya Manabii navyo vinasimulia jambo linalofanana, ila humo analetwa na ndege akiwa jiwe, jina lake saamuri.

Sehemu ndefu zaidi imo katika Talmudi, kitabu cha Gittin, ukurasa wa 68. Suleiman anamtuma mtumishi wake Benaya na mnyororo, pete, sufu na viriba vya mvinyo. Benaya analiondoa maji birika la Ashmedai, mfalme wa majini, analijaza mvinyo. Ashmedai analewa na kufungwa. Huyo ndiye anayesema kuwa shamiri yuko kwa ndege mmoja wa porini. Wanafunika makinda yake kwa kioo cheupe, ndege anamleta shamiri ili akipasue, wanampigia kelele anamwangusha.

Mpaka hapo, kwetu hizi ni israiliyyat (masimulizi yaliyotoka kwa Bani Israil) zilizonyamaziwa, yaani dini yetu haikuzithibitisha wala kuzikanusha. Mtume (s.a.w.) amesema tusiwasadikishe Watu wa Kitabu wala tusiwakadhibishe, na amesema pia tusimulie kutoka kwa Bani Israil wala hakuna ubaya; zote mbili zimo kwa Bukhari. Lakini ukurasa huo huo unaendelea: Ashmedai anamtupa Suleiman mbali, anakalia kiti chake na kuwaingilia wakeze. Hilo linakataliwa. Limepenya katika baadhi ya tafsiri penye Surat Saad aya ya 34, na Ibn Kathir amebainisha kuwa ni katika israiliyyat. Isma ya Mitume, yaani kuhifadhiwa kwao na madhambi, hailikubali kabisa.

Kwa hiyo darasani anza na yaliyothibiti: Surat Saba 12 na 13, majini wakimfanyia kazi kwa idhini ya Mola wake, na Saad 37, mashetani wajenzi na wapiga mbizi. Kisha sema wazi, "Mayahudi wanasimulia kwamba...", uishie kwa ndege. Usisome shamiri pamoja na Saba 14 katika kipindi kimoja. Aya ile inamtaja mdudu wa ardhi aliyekula fimbo ya Suleiman baada ya kufa kwake, yaani mchwa, na watoto huwachanganya wadudu hawa wawili. Nadhani msemaji wenu alikosea hapo hapo. Ama kwenye mimbari ya Ijumaa, kiache.

Wallahu a'lam.