Jibu: Rola kosta ya reli moja inabeba watu wangapi?

Mkuu, umeuliza kama rola kosta (treni za burudani za kasi) za reli moja, zile abiria wanakaa mmoja nyuma ya mwenzake, zinamaliza foleni. Usihesabu viti tu, angalia treni zinapishana kwa muda gani. RailBlazer ya California (2018) inabeba watu 8 kwa treni. Ikitoka moja kila dakika, ni 480 kwa saa. Jersey Devil ya New Jersey (2021) inabeba 12. Wakiachia kila sekunde 45, unapata 960 kwa saa. Kinachokula muda ni kufunga vizuizi vya mapajani na kuvikagua kimoja kimoja, hasa abiria akipanda na begi lake! Kwa umati wa Rock City Mall ya Mwanza siku ya Idi, hiyo ya watu 8 mtalala hapo kwenye foleni.